Nywila ya Kijiwe Kizima

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati ya soko la Lushoto, na benchi la mbele ya steshenari ya Hamida lilishajaa. Alikuwepo Ismaili, anayeleta mboga kutoka Lukozi, ambaye mji mzima unamwita Kabichi. Pembeni yake Mwalimu Eliudi, mstaafu kutoka Tanga, jina la kijiweni Nukta, kwa sababu hata meseji ya simu anaisahihisha. Mwisho wa benchi Fahadi, fundi simu, yeye ni Chaji. Birika la kahawa ya tangawizi lilikuwa katikati yao kama mgonjwa anayetazamwa. Hamida alitoka dukani na uso ambao si wa kawaida yake.

– Shikamoo mwalimu.

– Marahaba. Mbona umenuna hivyo, binti?

– Jana mtu kaingia kwenye kompyuta yangu. Kaandika kwenye ukurasa wa duka kwamba tumehamia Mazinde. Watu wameteremka mlima mzima na makaratasi yao kunitafuta! Mama mmoja kanipigia simu akiwa barabarani kule, ananiuliza niko mtaa gani.

Kabichi alicheka mpaka kahawa ikammwagikia. Hamida naye alitaka kukasirika, ila akamfikiria yule mama amesimama kwenye joto la Mazinde na sweta lake la Lushoto, kicheko kikamponyoka.

– Ukurasa nimeshaurudisha, alisema Chaji. Ila dada, nywila ulikuwa umeibandika kwenye kioo cha kompyuta. Kwa kalamu nyekundu! Halafu ukienda kuswali unaiacha mashine wazi. Mteja yeyote mwenye utani angefanya.

– Si mteja, alidakia Kabichi. Ni ukungu. Unaingia kule ndani, herufi zinalowa, zinaungana zenyewe. Mimi ya kwangu ningeifunika blanketi.

– Huna kompyuta wewe, alisema Chaji.

– Ndiyo maana haijawahi kuharibika!

Mwalimu Nukta aliweka kikombe chini.

– Mashine imechoka tu. Hamida haizimi. Nimechungulia juzi, amefungua madirisha kama nyumba ya mzungu. Tangu mwezi wa Ramadhani haijalala.

– Mimi nawaambia wanatuangalia kupitia kile kijicho cha kamera, alisema Chaji. Mimi nimekiziba changu kwa plasta. Wanajua hata nakula nini.

– Hapo sasa! Kabichi akasimama. Ndiyo maana bei ya karoti ilishuka! Walimwona Hamida akichapa risiti zangu!

Hamida alikuwa anawasikiliza huku anacheka, lakini moyoni hakuwa na amani. Ndani ya mashine ile kulikuwa na mitihani ya shule, barua za watu, na kadi za harusi ya Sabra zilizotakiwa asubuhi ileile.

– Jamani, nisaidieni nywila. Iwe ngumu.

– Iwe ndefu, alisema mwalimu. Herufi kubwa, ndogo, namba, na alama. Isiwe jina lako.

– Haitoshi, alisema Kabichi, na sauti yake ikateremka kama anayetoa siri ya serikali. Mtu mmoja akiijua yote, mwizi anambana, anaitoa. Sisi kila mmoja aweke kipande chake, wengine wamegeuka. Mwizi akitaka kuingia, ateke kijiwe kizima!

Wote watatu wakatazamana kama watu waliogundua dawa.

– Mghoshi, una akili, alisema Chaji, kwa heshima ya Kisambaa.

Hamida alijua kabisa kwamba jambo lile halikuwa sawa. Lakini lilikuwa tamu mno kulikataa. Wakaingia dukani mmoja mmoja, wengine wanatazama ukutani. Yeye mwenyewe akaweka kipande cha mwisho. Mashine iliomba nywila irudiwe, wakapanga foleni tena. Ikakubali. Akaifunga, wakarudi benchini wakipeana mikono ya pongezi.

Kahawa ilikuwa inaelekea ukingoni Sabra alipofika, kitenge kichwani, amejaa furaha.

– Shikamooni. Dada Hamida, nimefuata kadi zangu. Nani anafungua kompyuta?

Wakainuka wote wanne kuingia dukani, Sabra nyuma yao anashangaa. Kabichi alianza.

– Niliandika kabichi. Au karoti?

– Mimi neno nalikumbuka, alisema mwalimu, ila herufi kubwa niliiweka mwanzo au katikati...

Mashine ikakataa. Wakajaribu tena, ikakataa. Chaji akaapa kwamba alama yake ni ileile, halafu akaomba abadilishe. Sabra akakaa kwenye kiti, machozi yanamlengalenga.

– Harusi Jumamosi, dada.

Hapo Hamida akaacha kucheka. Akamshika bega.

– Sabra, mimi kazi ya mtu siiweki sehemu moja tu. Nilikutumia faili lako kwenye simu ulikague. Ulikagua?

– Nilikuwa sokoni. Niliandika tu “sawa”.

– Fungua sasa. Usome kwa sauti.

Sabra akafungua, akasoma:

– “Familia ya Mzee Twaha wa Mlalo inayo furaha kuwakaribisha kwenye ndoo ya binti yao...”

Akarudia kimoyomoyo. Kisha akacheka kicheko ambacho kiliwaleta wauza parachichi wa ng’ambo ya barabara mlangoni. Hamida alifunika uso kwa mtandio. Angechapa jana, Lushoto nzima ingealikwa kwenye ndoo.

– Kumbe tumeokoa harusi! alipiga kelele Kabichi.

– Nyamaza wewe, alisema mwalimu, huku anafuta machozi ya kicheko.

Wakavuka barabara hadi kwa Devotha, mwenye duka jingine la kuchapa. Hamida akasahihisha, akasoma, akampa Sabra asome, akampa na mwalimu asome. Ndipo zikachapwa, nyeupe, na ndoa ni ndoa. Sabra aliondoka amezikumbatia, na benchi zima limealikwa.

Chaji alishinda na ile mashine mpaka jioni, akaifungua bila kupoteza kitu. Akamsogezea Hamida kiti, akageuka mwenyewe pembeni. Hamida akaandika nywila mpya, taratibu, peke yake, akaifunga mashine, akatoka.

– Umeweka nini? aliuliza Kabichi.

Hamida akamimina tone la mwisho la birika, akanywa, akamtazama tu.