Matumbawe Si Pamba

Sogeeni, wanangu, Masunga na Ngassa, nawe binti yangu Nyanjige usisimame mlangoni kama mgeni, maana sauti niliyobaki nayo haifiki huko. Wosia huu niliuandaa tangu Machi, lakini jana, mliponirudisha kutoka hospitali ya Mwanza, niliona jambo lililonifanya niufute nusu.

Mlinipitisha mbele ya sanduku la kioo la maji ya chumvi, nawe Masunga ukasema kwa furaha, "Baba, tazama, mawe yako yametakata!" Ngassa akadakia, "Daraja la kwanza, mzee! Hata wewe ungeyagongea muhuri wa safi." Nikatazama, nikaona weupe.

Sikilizeni. Miaka thelathini na moja nilipanga madaraja ya pamba ya ushirika, hapa Bariadi na kule Lalago, nanyi mlikua mkinisikia nikisema nyeupe ni safi, ya manjano ni fifi. Mwaka 1994 wanunuzi binafsi walipokuja wakachanganya safi na fifi katika gunia moja, nilirudi nyumbani. Ndipo Hamimu bin Saidi, mwenye duka, mzaliwa wa Tanga, aliponiita nimsaidie kutunza bahari yake ndogo, sanduku hilo la kioo, na alipokufa akaniachia mimi. Yale si mawe, wanangu. Ni matumbawe, wanyama wadogo wanaojijengea jiwe chini yao, na rangi yao ni ya vijimea vinavyowapikia chakula. Tumbawe likiwa jeupe, wapishi wamelikimbia. Mlichonionyesha kwa furaha ni njaa.

Hamimu hakuchagua kwa uzuri. Lenye matawi, jina lake Acropora, alilitaka lenye ncha hai, akaliweka juu penye mwanga na maji yaendayo kasi. La mviringo, Porites, akaliweka chini. Galaxea alilitenga shubiri nzima, kwa kuwa usiku hunyoosha nyuzi na kumuunguza jirani. Nanyi mkayapandisha yote chini ya taa, yakigusana, ili watakaokuja kunizika wayaone vizuri. Msiiname. Nimezeeka, kuzikwa si tusi.

Kilichonishtua zaidi ni ndoo. Ngassa, ulilitupa Porites nyuma ya ghala kwa kuwa ni la kahawia, ukasema ni fifi. Nyanjige akaliokota, akalitia katika ndoo hiyo, na kwa siku kumi na moja amelibadilishia maji ya chumvi kila asubuhi, akiyakoroga kwa mkono, katika ghala lile lile mlimomlaza tangu aliporudi mjane kutoka Lalago. Jana nilimuuliza, "Nani alikufundisha, mayu, mama?" Akanijibu, "Nilikuwa nafagia, baba, mkizungumza na Mzee Hamimu."

Alikuwa anafagia! Ninyi wawili niliwaambia neno moja tu, msiguse, na sababu yake sikuwapa. Asiyefunzwa hakosi peke yake. Kosa hilo nalichukua nusu. Lakini la ghala nililiona kwa macho yangu nikanyamaza, na hilo ni langu lote.

Basi ng'ombe mgawane kama nilivyokwisha sema, na shamba la Lalago mpaka wake ni ule mkuyu, usisogezwe. Nyumba hii, Masunga, nilikuwa nimekupa wewe. Sasa nampa Nyanjige, pamoja na chumba cha kioo na jenereta. Katekista Marcelo ameandika, nami nimetia sahihi. Najua kwetu binti hapewi mji. Kwetu pia mjane halazwi ghalani.

Msiyatupe yaliyo meupe. Yashusheni kivulini, kila moja na nafasi yake. Lenye nyama bado laweza kurudi. Lililobaki mfupa tu, lenye kuota ukungu, hilo limekwenda. Porites lianzie chini, lipandishwe... polepole... msilipeleke kwenye taa kwa siku moja.

Nipeni maji. Basi, yatosha.

Mungu awape mvua kwa wakati, watoto wenu wawazike ninyi, msizike ninyi watoto. Mkikosana, mkosane mchana, jua lisizame... nimechoka.

Nyanjige, nenda ukalirudishe Porites kiooni sasa, nikiwa bado nasikia maji. Masunga, mshikie dada yako ndoo. Ni nzito.