Nepi Zilizogeuka Nyeusi

Mmeimba vizuri, ndugu na majirani zangu, sasa kaeni. Mimi ndiye yule mama wa nepi nyeusi. Msijifanye hamnijui, kuna wakati mtaa wetu mzima wa Jericho ulinijua kuliko ulivyomjua meya wa jiji. Sitataja jina la mtu hapa. Lakini nikisikia mtu ameanza kukohoa, nitajua hadithi imemfikia.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa miaka ya sabini ikielekea mwisho. Alikuwa mzima, mnene, analia kama lori linalopanda mlima. Mimi na mume wangu, ambaye ni karani, tulikaa katika chumba kimoja cha kupanga cha nyumba za kaunsili ya jiji, mfereji wa maji na kamba za kuanikia tukitumia pamoja na majirani. Wiki haikuisha kabla sijaona maajabu. Nepi nikimvua ilikuwa nyevu tu, kama ya mtoto yeyote. Nikiiacha kidogo kwenye beseni, inaingia rangi ya chai ya mkandaa. Nikiipaka sabuni ya kipande, inakuwa kama imepangusiwa masizi ya sufuria. Naongeza sabuni, weusi unaongezeka. Nawaambia, nilimaliza sabuni ya kutosha kufulia jeshi zima pamoja na mahema yake.

Majirani wakaona. Mmoja akaniambia pale mferejini, “Mama mtoto, mkaa ukioshwa unabaki mkaa. Hizo anika chumbani mwako.”

“Chumbani hakuna jua.”

“Basi aliyekupa huyo mtoto akupe na jua.”

Wengine wakacheka. Mnakumbuka mlivyocheka. Nilikuta nepi zangu zimetolewa kambani kwa mpini wa ufagio na kutupwa mtaroni, kwa kuwa eti mkono utakaozigusa utaoza. Nikiweka beseni kwenye foleni, foleni yenyewe inahama. Na kwa sababu mimi kwetu ni Machakos na mume wangu kwao ni Murang'a, kesi haikuhitaji shahidi. Mkamba amekuja na dawa zake za uchawi, basi.

Mama mkwe alipokuja kumwona mjukuu, hakupiga kelele. Aliishika nepi, akaitazama, akaiweka chini polepole.

“Kwetu hakuna damu ya namna hii,” akasema. “Nitarudi na wazee.”

Mume wangu alikuwa ameketi hapo hapo. Alitazama viatu vyake kana kwamba vimeandikwa habari za ulimwengu.

Nikambeba mtoto hadi hospitali kubwa, na nepi mbichi nimeikunja ndani ya gazeti. Daktari aliyenipokea hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliweka mkojo kidogo kwenye chupa, akatia dawa, ukageuka mweusi mbele ya macho yangu. Akasema chakula kikiingia mwilini huvunjwa kwa hatua, na ndani ya mwanangu kuna hatua moja iliyokwama. Kile kilichokwama hutoka na mkojo, na kikikutana na hewa kinaingia rangi, kikikutana na sabuni ndiyo kabisa.

“Nani amemtia ugonjwa huo?” nikauliza.

“Nyinyi wawili. Kila mtu hubeba maagizo mawili ya kazi hiyo, moja la baba na moja la mama. Moja likiwa bovu, lile zima linatosha, na mwenyewe hajui lolote. Huyu amepata bovu kwako na bovu kwa mumeo.”

Akaniambia hakuna dawa, lakini mtoto atakua, atacheza, atasoma. Taabu itakuja ukubwani: mgongo na magoti hukauka, masikio na weupe wa macho hupata madoa ya giza. Akaniuliza kama tuna mzee wa namna hiyo. Kwetu hapakuwa. Kwa kina mume wangu sikujua.

Nilimweleza mume wangu yote. Akajibu, “Hayo ukamwambie mama.” Mwanamume huyo, wakati huo, ungeweza kumkunja ukamtia mfukoni.

Wakaja Jumamosi. Mama mkwe, wazee wawili, na kaka yake mama mkwe, seremala wa soko la Gikomba, ambaye ndiye angesema neno la mwisho. Neno lenyewe lilikuwa limeshapikwa: mimi na mtoto turudishwe Machakos kabla jua halijatua. Lakini wageni hawasemi na njaa, kwa hiyo niliyekuwa nikifukuzwa ndiye niliyepika.

Kwa desturi, mke hamtazami mjomba wa mumewe usoni. Unashika jagi na beseni, unamnawisha, macho yako yanakaa kwenye mikono yake. Hivyo ndivyo nilivyofanya. Sasa mama mkwe akamwita kutoka pembeni. Mjomba hakugeuza shingo. Aligeuka mwili mzima, kama ubao, na sikio lake likaja mbele ya pua yangu. Lilikuwa na rangi ya wino. Nikavunja desturi nikamtazama machoni. Kwenye weupe wa kila jicho palikuwa na doa jeusi.

Jagi likasimama hewani.

“Mjomba,” nikasema, “naomba kuuliza jambo la aibu.”

“Huna la kumuuliza,” mama mkwe akadakia.

“Ulipokuwa mtoto, nguo zako zilikuwa zikifuliwa zinageuka nyeusi?”

Ndugu zangu, mnaelewa nilichofanya? Nilimuuliza mkwe wangu habari za mkojo wake mbele ya wazee, chakula kikiwa mezani. Mzee mmoja alisimama aondoke. Mume wangu akafumba macho.

Mjomba akakaa, mikono yake ikidondoka maji. “Nani amekuambia?”

“Masikio yako.”

Akageuka tena, mwili mzima, akamtazama dada yake. “Mama alikuwa akinifulia mtoni peke yake, mbali na watu. Na aliyembebea beseni ni wewe. Ulikuwa unajua?”

Mama mkwe akalitazama lile beseni la kunawia.

“Nilidhani iliishia kwako,” akasema.

Hapo ndipo mume wangu alipofumbua macho na mdomo. Akasema, “Mke wangu haendi popote.” Maneno manne tu, lakini mimi niliyasikia kama baragumu.

Sikusema mimi ni safi. Niliwaambia nusu ni yangu, nusu ni yao. Baadaye niliyasoma hayo katika masomo ya jioni, na siku mwalimu alipochora mambo ya urithi ubaoni nilimmalizia mchoro, darasa likapiga makofi hadi watu wa mtaa jirani wa Makadara wakafungua madirisha.

Namshukuru daktari yule. Namshukuru mjomba, aliyekubali kuaibika mbele ya wazee ili mimi nisifukuzwe. Mama mkwe tunasalimiana. Zaidi ya hapo msiniulize. Na ninyi mliotumia mpini wa ufagio, hakuna hata mmoja aliyekuja kusema pole, na mimi sitawagawia msamaha ambao hamkuuomba.

Mkitaka kumfukuza mwanamke kwa ajili ya damu ya mtoto, mfungieni na mwanamume mzigo wake, waende pamoja. Mwanangu sasa anasoma, anawashinda wenu mbio na hesabu. Akianza kuumwa mgongo ukubwani, atajua ni nini, wala hataambiwa ni mama yake.

Nikitoka hapa narudi nyumbani. Ni mlango ule ule, na kodi inalipwa kwa majina yetu wawili, mimi na mume wangu.