Ukaguzi Niliouziba Mdomo

Mwangaluka, wanajumuiya. Wakubwa zangu, shikamooni. Mwenyekiti ameomba mwenye mzigo autue hapa mbele, na wa kwangu nimeuchoka, kwa hiyo nivumilieni.

Mnanifahamu, mimi ni fundi kompyuta, meza yangu iko mtaa wa Ng'ambo. Msichokijua ni kwamba mwaka huu nilitaka kuacha kazi kabisa. Hata hapa kanisani nilikuwa naingia kwa kuchelewa na kutoka kabla ya matangazo, nisikutane na mtu.

Umeme wetu mnaujua. Unakatika, unarudi, unakatika tena, na diski zinakufa. Basi kabla sijamwekea mteja vitu vyake kwenye diski mpya, huwa naijaribu kwanza. Ndani ya diski kuna mpangilio unaojua faili gani liko wapi, kama karani wa masjala na daftari lake. Nimeandika skripti, yaani maagizo ambayo kompyuta inayafuata yenyewe, za kumjaribu huyo karani. Zinaandika mafaili mengi, zinayafuta, zinakata umeme katikati ya kuandika, halafu zinaangalia kama bado anakumbuka.

Skripti hizo zina programu ndogo za kuzisaidia. Moja inajaza diski, nyingine inakata umeme, na moja, sikilizeni hii, inafuta diski ili jaribio lianze upya. Hiyo ya kufuta haina maswali. Inachukua diski iliyochomekwa mwisho, inaifagia.

Ndiyo maana juu kabisa ya skripti niliweka ukaguzi: ukikuta diski mbili za nje zimechomekwa, kataa, sema kwa nini umekataa, usiendelee. Ukaguzi mzuri tu. Lakini ulikuwa unanikera! Nina haraka, diski mbili ziko mezani, inakataa. Siku moja nikauziba mdomo, nikaweka alama ili kompyuta isiusome, na pembeni nikaandika neno moja: "Inasumbua." Nikajiambia, si mimi mwenyewe najua? Ya majaribio nachomeka mwisho, basi, yameisha.

Na nilijisifu, jamani. Sisi mafundi wa Ng'ambo hatuandiki. Mwenzako anakaa pembeni, anaangalia mikono yako, anajua. Mtu akiniomba maelezo ya zile programu nilikuwa namjibu, "Maelezo ndiyo mimi hapa."

Sasa, mzee mmoja wa Usoke, mkulima wa tumbaku, akaniletea diski ya zamani inayogugumia. Mke wake alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Kabla ya kufariki, alijirekodi maneno ya kumuaga binti yao siku atakapoolewa, maana alijua hatafika. Sauti hiyo ilikuwa pale tu, hakuna kopi. Sendofu, sherehe ya kumuaga binti, ilikuwa imebaki wiki tatu. Mzee akasema, "Fundi, nihamishie kwenye diski mpya. Sina kingine cha kumpa mwanangu."

Siku hiyohiyo nikapigiwa simu, mjomba wangu amefariki huko kijijini Ziba. Kwetu pale fundi akienda msibani, mwenzake wa meza ya jirani anashika wateja wake. Mwenzangu ni dada mmoja, mkono wake mzuri kuliko wangu, na amekaa pembeni yangu miaka akiniangalia. Nikamwambia, ijaribu diski mpya kwa skripti zangu, halafu uhamishe. Nikapanda basi.

Narudi siku ya tano, namkuta anatabasamu. "Pole na msiba, kaka. Diski imepita majaribio yote."

Nikaangalia mezani. Diski mpya iko kushoto, ya mzee iko kulia. Nikamuuliza, "Ulianza kuchomeka ipi?"

"Mpya. Halafu hiyo ya zamani, ili nikimaliza nihamishe moja kwa moja. Ila mbona nikiifungua ya zamani naona haina kitu?"

Yesu na Maria! Ndugu zangu, nawaambia, nilikaa chini sakafuni, mtu mzima. Kwenye skrini imeandikwa sawa, sawa, sawa, mstari kwa mstari. Kila jaribio limepita, juu ya sauti ya marehemu.

Nikamrukia yule dada kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa mbele ya watoto. Majirani wote walisikia. Akalia. Na mimi kichwani tayari nimeshapanga uongo: diski ilikuwa mbovu, nitamwambia mzee imekufa yenyewe, nani atabisha?

Dada akafuta machozi, akasema taratibu, "Sawa kaka, nimekosa. Nionyeshe palipoandikwa kwamba ya mwisho ndiyo inayofutwa."

Nikafungua skripti kwa hasira, nimuonyeshe. Hamna. Nikafungua programu zenyewe. Hamna, hata mstari mmoja. Nikapanda juu kabisa, nikakuta ule ukaguzi umefungwa, na pembeni neno langu: "Inasumbua." Sisi wawili tukalisoma. Nilikuwa nimemtukana mtu kwa kosa langu.

Nikamuomba msamaha palepale, na majirani wasikie. Halafu nikaenda Usoke mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Umeniletea?"

Nikamwambia yote, ukaguzi, uongo niliopanga, yote. Mzee akaniuliza tu, "Sasa mimi sauti yake nitaisikia wapi?" Hakunifukuza. Hilo ndilo lililonimaliza.

Kuna fundi mwenzetu wa Mwanza, tukampigia. Akafoka, "Chomoa hiyo diski! Usiandike kitu tena!" Akatueleza kwamba daftari la karani limechanika lakini majalada mengine yanaweza kuwa bado kabatini, yale ambayo majaribio hayakuyafunika. Dada na mimi tukatafuta siku sita, kipande kwa kipande. Tukapata nusu.

Siku ya sendofu sauti hiyo ikapigwa ukumbini. Mama anasema, "Mwanangu, nakuombea. Ukifika kwako, mheshimu mwenzako, na chochote kitakachotokea, usije ukakubali..." Basi. Ikakata hapo.

Binti akaja moja kwa moja kwangu na shela lake. "Fundi, mama alisema nisikubali nini?" Nikamtazama baba yake. Mzee akatikisa kichwa. Hakumbuki.

Sasa kila programu saidizi pale kwetu ina ukurasa wake: inafanya nini, inagusa nini, inahitaji nini kabla ya kuanza, na itakataa lini. Dada ndiye anayezisoma, na asipoelewa, naandika upya. Ukaguzi nimeurudisha. Unasumbua vilevile, na hakuna anayeugusa.

Namshukuru dada huyo, alinisamehe nikiwa sistahili. Namshukuru fundi wa Mwanza, na mzee wa Usoke ambaye bado ananipokea kwa kiti. Nanyi asanteni kwa kunifuata nyumbani nilipokuwa nawakwepa hapa kanisani.

Ninachowaomba, kama kuna jambo la hatari unalijua wewe peke yako, la mashine, la dawa, la kisima, liandike leo, mwenzako asome ukiwepo. Binti yule anaishi Kahama sasa na mume wake. Huwa anapiga simu kuniuliza kama nimepata kipande kingine cha sauti, na kila mara namjibu, bado.