Mwalimu Lenox Obore, Aliyeyauliza Maneno Ukoo Wao

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani wa pande zote mbili za mpaka, tunayemzika leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Kisoko, Tororo, Uganda, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Yokana Owor na marehemu Mama Provia, akasoma shule ya msingi hapa hapa, na mwaka 1965 akaingia seminari, ambako upadri haukumwita, lakini Kilatini na Kigiriki vilimshika na havikumwachia tena.

Mwaka 1974 alivuka kwenda Busia, Kenya, akafundisha Kiingereza sekondari hadi alipostaafu mwaka 2011, na kama sisi tunavyomuuliza mgeni ukoo wake kabla hajamaliza chai, ndivyo alivyoliuliza kila neno la Kiingereza, akiwaonyesha wanafunzi kwamba tele ni Kigiriki, yaani mbali, na visio ni Kilatini, yaani kuona, kwa hiyo televisheni ni mtoto wa mpakani kama watoto wake mwenyewe. Hao ni Akongo, Allan na Bridgit, aliojaliwa na mkewe Roselyn Nangila, Msamia wa Busia, aliyefunga naye ndoa tarehe 8 Desemba 1979.

Juni 2024 alianza kuumwa tumbo, akatibiwa na Daktari Jacktone, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye watoto walimsihi mapema kwamba habari ikiwa mbaya asiwaambie wazazi, basi majibu yalipotoka daktari akawaambia watoto palepale kitandani kwa Kiingereza cha kidaktari, hepatocellular carcinoma, wote wakisahau lugha hiyo daktari alifundishwa na nani. Mwalimu akamuuliza hepar ni nini, daktari akajibu, macho chini, kwamba ni ini, akamuuliza na karkinos, akajibu ni kaa, ambaye Wagiriki waliipa saratani jina lake, na Mwalimu, tunasema kwa fahari, akampa maksi zote. Kisha akamshika mkono Nangila, ambaye hakuwa ameelewa hata neno moja, akamwambia kwa Kiswahili chepesi kwamba ini lake lina saratani na hatapona, maana hakutaka mke wake awe wa mwisho kujua.

Kwa kuwa alijua, aligawa shamba mwenyewe, akachagua mahali hapa tuliposimama, akamalizia miezi yake akiongea na mkewe bila kuzungukana, na tarehe 9 Februari 2025 akafariki Nangila akiwa kando yake.

Familia inamshukuru Daktari Jacktone na wauguzi wake, majirani wa Kisoko na Busia waliolala nasi matangani, na walimu wenzake waliokuja na wanafunzi wa miaka yote.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, hakuna tulichoweza kukuficha.