Kijiti cha Rododendroni

Benchi la kijiweni lina miguu mitatu na tofali, na anayekalia upande wa tofali huzungumza kwa adabu, maana akichachamaa tu wote wanamwagika. Liko ubavuni mwa kibanda cha Kinyozi, kwenye kivuli, na muuza kahawa hutua birika lake hapo kila alasiri. Mwisho wa benchi kuna meza ya Fundi Saa, na siku hizi, katikati ya saa za watu, limekaa kopo la rangi lenye udongo na kijiti kimoja cha rododendroni. Kijiti kimetoka kwenye kichaka cha uani kwake, kile chenye majani magumu na mashada ya maua ya zambarau, ambacho mkewe alikipanda kwa tawi alilopewa na marehemu mama yake. Sasa mwenye nyumba anapanua geti. Kichaka kitang'olewa, na mizizi imeshaingia chini ya ukuta, hakihamishiki. Mke amekwenda kumwangalia binti yao aliyejifungua, na Fundi Saa hajathubutu kumwambia. Anataka arudi akute mche umeshika.

— Kimeamkaje leo? — aliuliza Kinyozi.

— Vilevile. Jani moja limejikunja.

— Tatizo ni udongo, — alisema Mwalimu, ambaye tangu astaafu amekuwa akitafuta wa kumfundisha. — Rododendroni inataka udongo mchachu. Ndiyo maana nikasema kiwekewe machicha ya kahawa.

— Ulisema machicha, — alisema muuza kahawa. — Jana mmekimwagia kikombe kizima, tena cha moto. Usingizi kitaupata wapi?

— Kinataka joto hicho, — alisema Breki, dereva wa lori, ambaye kwa kuendesha na kwa kuongea jina lake halimfai. — Nani alikifunika mfuko wa nailoni? Mimi. Mnaona maji kwa ndani? Hiyo ni pumzi yake.

— Pumzi yako wewe, unavyokiinamia kutwa, — alisema muuza kahawa.

— Mimi naona kinaona haya, — alisema Kinyozi. — Hebu fikirini, nani ataota mizizi huku wanaume wazima wamemkodolea macho?

— Basi tukipe mgongo.

Wakageuka wote, benchi likayumba, wakakaa wakitazama ukuta. Haikupita hata dakika, Breki akageuza shingo.

— Kinachokosekana ni sauti ya mwenyewe, — Mwalimu akaja na lake. — Mtoto mchanga anamjua mama yake kwa sauti. Mpigie shemeji, weka spika, kopo lisikie.

Fundi Saa alishika kibano chake, akakiweka chini.

— Nilimpigia jana. Nikaisogeza simu pale. Akaniuliza mbona kimya, nikasingizia mtandao.

Kinyozi akasogea karibu.

— Akasema nini?

— Alikuwa anambembeleza mjukuu. Kopo limesikia yote.

— Hamjambo, shemeji zangu.

Walikurupuka. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yao na begi la safari mkononi.

— Nimepita nyumbani kwanza, — alisema. — Nimeona ukuta umechorwa chokaa, mstari umepita juu ya maua ya mama.

Fundi Saa alisimama.

— Mke wangu, niliogopa kukwambia. Nilitaka ukirudi ukute angalau kitu kimebaki. Nikakata tawi. Mkono wangu ni wa saa, si wa maua, lakini nilikuwa nikikufikiria umesimama kwenye ule uwanja mtupu, chakula hakipiti.

Machozi yalimlenga mkewe, akayameza. Aliweka begi chini, akafunua nailoni, akagusa kijiti. Kikaja chote mkononi, kama kijiko kutoka kwenye uji. Akakigeuza, akatazama chini yake, kisha akatazama udongo.

— Bado kibichi, hakijafa. Ila udongo wote umetifuka. Nawauliza kitu kimoja tu. Nani amekuwa akikivuta?

Kinyozi akaanza kupuliza mashine yake, ambayo haikuwa na nywele hata moja. Mwalimu akavua miwani, akaifuta. Muuza kahawa akaficha kucha zake chini ya sinia. Breki akatazama barabarani lilipo lori lake, na lori halikuwepo. Fundi Saa mwenyewe alikumbuka asubuhi ile, kabla wenzake hawajafika, alivyokichomoa taratibu na kuweka lenzi jichoni atafute japo uzi wa mzizi. Alidhani ni yeye peke yake. Aliwatazama mmoja mmoja, akawapenda.

Mke aliangalia zile sura, akacheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio.

— Haya. Kesho tunakata matawi mengine kabla kichaka hakijang'olewa, kila mtu na kopo lake kwake. Hiki nakaa nacho mimi. Kitachukua miezi, na kinataka kuachwa. Mmenielewa? Kuachwa.

— Tumekuelewa, shemeji, — walisema wote.

Alikirudisha kijiti, akashindilia udongo kwa vidole gumba, akaketi kando ya mumewe na kopo mapajani. Muuza kahawa aliinamisha birika. Yalitoka matone, kisha basi. Wakaanza kuaga.

Mke akageukia upande wa ukuta, akidhani hawamwoni, akakivuta kidogo aone kama kimeshika.

Fundi Saa alimwona. Akainamia kikombe chake kitupu, akanywa.