Wasifu wa Fundi Ratiba, Aliyetunza Boti Moja kwa Miaka Thelathini na Moja

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Ratiba tu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, alikokuwa akifanya kazi baba yake. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Mdogo wake, ambaye yuko nasi hapa, anakumbuka kwamba kaka yake alikuwa akipanga viatu vya familia nzima mlangoni kila jioni, na aliyevivuruga alinyimwa maneno hadi kesho yake. Wakati huo mmoja alikuwa na miaka saba, mwingine mitano.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1956 hadi 1963, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, ambako alipata cheti cha mitambo Novemba 1967. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti: "Kijana makini sana. Hapendwi na wenzake." Marehemu aliitunza ripoti hiyo maisha yake yote, na alikuwa akiionyesha kwa fahari.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa na mamlaka ya maji kama fundi wa pampu, akatumikia miaka thelathini na mitatu. Kwa muda wote huo pampu zilizokuwa chini yake zilisimama mara mbili tu, na mara zote mbili yeye alikuwa likizo.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1975 na fundi cherehani aliyekuwa akishona sare za shule. Walifahamiana pale alipopeleka suruali ipunguzwe, akasikia cherehani inalia. Alirudi kesho yake na kikopo cha oili, akaifungua mashine yote, akaisafisha, akaifunga, akaondoka bila kuaga. Cherehani haikulia tena mwaka mzima. Mama anasema hakuwahi kutongozwa vizuri kuliko siku ile, wala kabla wala baada. Walijaliwa binti mmoja, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu.

Mwaka 1991 klabu ya michezo ya majini ilikuwa inaondoa boti zake za zamani, na marehemu akachukua moja. Ilikuwa boti ya kuvuta watu wanaoteleza juu ya maji kwa skii, iliyotengenezwa mwaka 1978, injini yake ikiwa imekaa katikati chini ya kifuniko cha mbao. Wenzake walisema amejitwisha gogo. Yeye akanunua daftari gumu, akaandika mambo ishirini na manne ya kukagua kila mara kabla boti haijagusa maji: oili, filta, mikanda, mipira ya maji na klampu zake, grisi, feni ya kufukuza mvuke wa petroli kabla ya kuwasha injini, pakingi ya kuzuia maji kwenye shafti, na mengine. "Boti kuukuu ni mgonjwa anayetembea," alikuwa akisema. "Ukisubiri alalamike, umeshachelewa." Haikuwahi kukataa kuwaka.

Kazi ya Mama ilikuwa kushika tochi na kusoma daftari. Marehemu alilala chali chini ya kifuniko, mikono imejaa grisi, akiita, "Soma!" Mama akisoma, yeye akifanya, akijibu, "Tayari." Mama akiruka mstari kwa bahati mbaya, walianza upya kuanzia namba moja.

Jumapili ya tarehe 22 Machi 1998, marehemu alimruhusu Mama kuendesha boti kwa mara ya kwanza. Binti yao alikuwa nyuma, kwenye skii. Binti alianguka, na Mama akageuka kumtazama, kama ambavyo mzazi yeyote angegeuka. Dakika hizo hizo mfuko wa plastiki ulinyonywa kwenye tundu la maji ya kupozea injini. Geji ya joto ilipanda hadi mwisho, na Mama hakuiona. Kile kimpira chenye mabawa kinachozunguka ndani ya pampu ya maji kiliungua, kikawa kama ubani uliotafunwa.

Marehemu hakugomba. Alitengeneza injini kwa wiki tatu. Kisha alikitia kile kimpira ndani ya glasi, akakiweka kwenye kabati la sebuleni, na kila wageni walipokuja alisema, "Mama watoto, hebu waeleze wageni hiki ni nini."

Na Mama alisimama, akaeleza. "Hiki ni kimpira cha pampu. Nilikiunguza mimi, kwa kutoangalia geji."

Wageni walicheka, maana marehemu mwenyewe alikuwa akicheka. Mambo haya yaliendelea kwa miaka kumi na moja. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2009, siku ambayo Mama alitoka kumzika baba yake, watu wakiwa bado wameshika vikombe vya chai. Mama alisimama akaeleza. Alipomaliza, dada yake aliichukua ile glasi, akaenda nayo chooni, na hakurudi nayo. Marehemu aliuliza glasi iko wapi. Shemeji yake akamwambia, "Ingia ukaitafute."

Kuanzia mwaka 2019 marehemu alianza kusahau. Mwanzoni yalikuwa majina, baadaye njia ya kutoka sokoni. Daktari alieleza kwamba ugonjwa huo hauna dawa, na kwamba yale aliyoyajua kwa mikono yangebaki kwa muda mrefu zaidi. Ikawa kweli. Mbele ya injini ile alikuwa fundi yule yule, mradi Mama awe pembeni akisoma. Asiposomewa, alikaa tu na spana mkononi, akiigeuza.

Sehemu inayofuata imetoka kwa Mama mwenyewe. Aliitamka Jumatano mchana, kwenye meza yake ya kushonea, na binti akaandika. Mkwe wake alimsihi, "Mama, mambo haya hayaandikwi kwenye wasifu." Mama akamjibu, "Basi msiandike kitu. Nitasimama mwenyewe niseme." Kwa hiyo imechapishwa, na sasa inasomwa kama alivyoitaka.

Jumapili ya tarehe 14 Agosti 2022 klabu iliandaa maonyesho ya boti za zamani, na ya marehemu ilikuwa ndiyo kongwe kuliko zote. Gati lilijaa watu. Marehemu alikuwa amekitoa kizibo cha tundu la chini ya boti tangu Ijumaa ili kukausha tumbo lake, akakitia kwenye mfuko wa shati, na Jumapili alivaa shati lile lile. Mama alikuwa akisoma daftari. Alisoma hadi namba kumi na nane. Namba kumi na tisa ilikuwa kizibo. Alikiona kikiwa kimetuna mfukoni, juu ya moyo wa mumewe. Akasoma namba ishirini.

"Tayari," marehemu akasema.

Mama anasema alidhani boti itajaa maji pale pale gatini, watu wacheke kidogo, basi. Lakini boti ikienda kasi maji hayaingii kwa wingi. Marehemu aliondoka vizuri, akazunguka mara mbili, watu wakampigia makofi. Aliposimama katikati ya ziwa kuwapungia mkono ndipo maji yalipopanda. Pampu ya kutoa maji ilijitahidi kwa muda mrefu, kwa sababu nayo ilikuwa imetunzwa. Injini ilinguruma mpaka maji yalipoifunika. Marehemu alikuwa amevaa jaketi la kuokolea, kwa kuwa kuliweka tayari botini ilikuwa namba tatu, na Mama alikuwa ameisoma. Boti ya klabu ilimchukua. Waliokuwa gatini walicheka sana, na si vibaya kusema kwamba baadhi yao wako hapa. Alipopandishwa, maji yakimchuruzika, aliingiza mkono chini ya jaketi, kwenye mfuko wa shati, akatoa kizibo, akakitazama. Hakuna aliyewahi kumwona marehemu akilia kabla ya hapo.

Boti haikutolewa ziwani.

Kila asubuhi baada ya siku ile, marehemu aliamka, akakaa kitandani, akauliza, "Boti iko wapi?"

Mama akamjibu, "Imezama."

"Nani kasahau nini?"

"Wewe. Ulisahau kizibo. Kilikuwa mfukoni mwako."

Naye alishika kifua, pale ambapo pangekuwa na mfuko, na akalia upya, kwa sababu kwake ilikuwa habari mpya. Kufikia saa nne alikuwa ameshasahau. Kesho yake aliuliza tena, na Mama akamjibu vile vile. Binti alikuja kukaa nao mwezi wa tisa, akayasikia. "Mama," alisema, "mwambie tu ipo. Hatajua." Mama alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. "Baba yako ana bahati," alijibu. "Kila siku ndiyo mara yake ya kwanza. Mimi nilisimama mbele ya watu miaka kumi na moja, na kila niliposimama nilikuwa nakumbuka zote za nyuma." Binti hakujua bado habari ya namba kumi na tisa. Alidhani ni ukali wa uchovu. Baadaye alihesabu kwenye kalenda. Zilikuwa asubuhi sabini na moja.

Katikati ya Oktoba marehemu alipata homa ya mapafu. Alitibiwa hospitali kwa siku tatu, Mama akilala kwenye kiti pembeni na kumjibu huko huko wodini, kisha akarudishwa nyumbani. Aliaga dunia Jumanne, tarehe 25 Oktoba 2022, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akiwa na miaka sabini na minne. Hakuamka kuuliza. Mama alikuwa ameshaketi pembeni yake na kikombe cha uji, akisubiri swali. Anasema siku hiyo alikuwa ameamua kumwambia kwamba boti ipo gatini, imekaguliwa yote, inamngoja yeye. Anasema pia kwamba alikuwa ameamua hivyo Jumatatu, na Jumapili, na swali lilipokuja mdomo ukasema mengine.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, mkwe mmoja, wajukuu wawili, na mdogo wake. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, uongozi wa klabu, na nyote mliofika.

Apumzike sasa, na huko aliko, akiuliza, apate mtu wa kumjibu vizuri.