Historia ya Baba Yetu, Fundi wa Milango ya Nyuki

Paroko, viongozi wa mtaa, wazee wetu shikamooni, ndugu, majirani na wote mliofika hapa Buswelu leo Jumamosi, tarehe 11 Oktoba 2025, mimi ni Odeta, mtoto wa tatu wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, Yakobo Ndalahwa Maige, nami nitayasoma kama alivyoyaishi, pamoja na yale yaliyomkera, kwa kuwa yalikuwa mengi na hakuyaficha.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 katika kijiji cha Kahangara, wilaya ya Magu, akiwa mtoto wa pili kati ya saba, akasoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, na hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, jambo alilolitaja kwa uchungu hata uzeeni. Mwaka 1973 alikuja mjini kujifunza useremala, na mwaka 1976 akafungua karakana yake Igogo, chumba kimoja kisicho na dirisha, ambamo kwa miaka thelathini na mitatu alitengeneza milango na madirisha ya nyumba za watu wengine.

Tarehe 27 Septemba 1986 alifunga ndoa takatifu na mama yetu, Josepha Kokulinda, mzaliwa wa Muleba, wakajaliwa watoto wanne, Jovinary, Hellen, mimi na Yeremia, na wajukuu watano.

Mwaka 2009 aliacha karakana akahamia kwenye kilima hiki cha mawe, na mwaka 2011 akaanza kufuga nyuki kwa mizinga sita ya boksi, iliyokuja na milango mipana kiasi cha kupitisha kiganja, na kwa milango hiyo wakaingia mijusi, wakaingia nondo wanaotaga kwenye masega, wakaingia siafu, hata mwaka ulipoisha alibaki na makundi mawili tu. Baba hakuwa mtu wa kuibiwa mara mbili, hivyo aliibana milango mpaka apite nyuki mmoja mmoja, akaziba kila ufa kwa udongo, akaweka miguu ya mizinga ndani ya makopo ya oili chafu ili siafu wasipande, na kwa muda akawa na raha. Kisha likaja jua la Oktoba 2014, mawe yakawaka, nta ikalainika, asali ikaanza kuchuruzika nje ya mzinga, na alipofunua kifuniko alikuta nyuki wamekufa kwa mafungu, wamelowa, wameshikamana. Siku ya tatu alimwambia mama maneno ambayo mama ameniomba niyasome, "Josepha, nimewaua kwa kuwalinda."

Tangu hapo hakuwa na kazi nyingine. Alijaribu milango ya kila namna, akaivunja, akaichonga upya, akatukana msumeno, na mwaka 2015 akapata alichokitaka, yaani mwanya mwembamba chini, wa kimo cha nyuki mmoja na urefu wa kidole, ambao nyuki walinzi wachache wanaweza kuusimamia, na juu, chini ya paa la mzinga, tundu pana la hewa lililofunikwa kwa wavu wa chuma, ambamo hewa ya moto inapita na nyuki hapiti, wala nondo, wala mjusi. Mwaka 2017 alianzisha kikundi cha wafugaji kumi na wawili na kuwafundisha, nao wakamcheka, na jirani yetu Baba Chenge alipouona ule wavu alisema, "Fundi, hapo bado pazia tu," na kila masika walijaza matambara kwenye wavu ati mvua isiingie, na kila kiangazi walikuja kumuuliza kwa nini nyuki wamehama. Mwaka 2018 aliandika barua, pamoja na michoro, kwa ofisi moja iliyokuwa ikigawa mizinga isiyo na tundu la juu, akaandika tena, akaandika mara ya tatu, na nakala zote ziko kabatini, majibu hayapo.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2022, daktari akasema ni vumbi la mbao la miaka mingi, akamtaka alazwe, na baba akajibu kwamba atalazwa baada ya kurina asali, jibu alilolirudia misimu mitatu huku sisi watoto tukikosa la kufanya. Alilazwa tarehe 29 Septemba mwaka huu, baba akamwomba kila aliyeingia wodini afungue dirisha, na tarehe 8 Oktoba, saa nne asubuhi, alikata pumzi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, paroko na kwaya, wanakikundi, majirani wote, na kwa namna ya pekee Baba Chenge, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, ambaye hajalala tangu Jumatano. Jana jioni moshi wa jikoni uliwachokoza nyuki, wakawauma wanakwaya wawili, na Baba Chenge, kwa kuwahurumia wageni, aliziba mizinga yote kumi na mmoja kwa matambara, mlango wa chini na wavu wa juu. Leo saa moja asubuhi nilimwendea, akaniambia, "Odeta mama, leo si siku ya nyuki, wageni kwanza," na sikuweza kubishana na mtu mzima mbele ya jeneza, hivyo nikarudi ndani nikayaandika haya.

Sasa ni saa sita na jua liko juu ya yale mawe. Baba Chenge, shikamoo, milango ya chini ibaki imezibwa mpaka tumalize kuzika, hakuna mgeni atakayeumwa, lakini wavu wa juu haupitishi nyuki, ulitengenezwa kwa ajili ya siku kama hii, na baba aliupatia hapa hapa, baada ya kuwaua wengi. Naomba watu wawili waende nyuma ya nyumba wakayatoe matambara ya juu, nami nitasimama hapa kimya mpaka warudi nayo mkononi, maana mstari uliobaki siwezi kuusoma kabla.

Nyuki wako wanapumua, Baba, pumzika kwa amani.